UZI: Mahojiano na maonyesho ya awali ya gemu kutoka GDC, tusome yapi na tuyaache yapi?

#1 Fundi_Padi (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kila ikifika mwezi wa tatu, kurasa za gemu hujaa habari za aina moja: "mahojiano maalumu na mkurugenzi wa gemu fulani", "tumeicheza kwa dakika 20", "mambo makubwa tuliyoyaona GDC". Watu wanabishana wiki nzima juu ya trela ya dakika mbili, halafu kimya mpaka mwaka mwingine. Huu mkutano naufuatilia miaka mingi, na kinachoniuma ni kwamba kilicho bora kuliko vyote pale hakipati hata robo ya wasomaji.

Kwa wageni: GDC ni Game Developers Conference, mkutano wa watengenezaji gemu unaofanyika San Francisco, ukumbi wa Moscone. Ulianza 1988 sebuleni kwa Chris Crawford, mtengenezaji wa enzi za Atari, huko California. Walikuwa watu kama 27 tu, mafundi kwa mafundi, kila mmoja akieleza alivyotatua shida zake. Mwaka 2024 na 2025 walifika karibu 30,000. Usiuchanganye na E3 ya Los Angeles, ambayo tangu 1995 ilikuwa ya wafanyabiashara na waandishi wa habari, na ikafungwa rasmi Desemba 2023. GDC mizizi yake ni ile sebule.

Sasa hoja yangu. Pale ukumbini mtu mmoja anaweza kuzungumza kwa ndimi mbili. Akikaa na mwandishi wa habari anazungumzia gemu ambayo bado haipo: itakuwa hivi, mtaweza kufanya vile. Akipanda jukwaani mbele ya mafundi wenzake anazungumzia gemu aliyokwisha kuitengeneza: tulijaribu hiki kikatushinda, tukageukia kile. La kwanza ndilo linalosambaa mitandaoni. La pili ndilo lenye nyama, na mara nyingi unalipata bure.

Mfano mzuri ni Sean Murray, mkuu wa studio ya Hello Games. Kabla gemu yake ya kusafiri kati ya sayari, No Man's Sky, haijatoka Agosti 2016, alihojiwa kila mahali, mpaka kwenye vipindi vya usiku vya televisheni Marekani. Aliulizwa kama wachezaji wataweza kuonana ndani ya ule ulimwengu, akajibu kwamba inawezekana, ila nafasi ni ndogo kwa sababu ulimwengu ni mkubwa mno. Gemu ilipotoka, wachezaji wawili walipanga kukutana kwenye sayari moja, sehemu ileile, muda uleule. Wakafika. Hakuna aliyemwona mwenzake. Hasira iliyofuata kila mtu anaikumbuka.

Mwezi wa tatu uliofuata, 2017, Murray akapanda jukwaa la GDC akaeleza namna hesabu zinavyojenga sayari: unavyoanza na fomula inayotoa namba zenye mawimbi, unavyozirundika moja juu ya nyingine hadi upate mlima unaoaminika kwa macho, na kwa nini fomula za kawaida zinatoa vilima vinavyofanana mpaka vinachosha. Hakuna ahadi hata moja mle ndani. Ukiisikiliza unaelewa gemu yake kuliko mahojiano yote ya miaka mitatu yaliyotangulia, na unaelewa pia kwa nini alichoahidi kilikuwa kigumu. Haki yake apewe: timu ile haikukimbia, na Julai 2018 walileta sasisho ambalo hatimaye liliwakutanisha wachezaji sawasawa.

Mtu yuleyule, kichwa kilekile. Kilichobadilika ni nani amekaa mbele yake.

Naomba tujadili, na kila mwenye hotuba anayoipenda ailete.

---

#2 Mtoto_wa_Temeke

Mkuu umenigusa. Mimi nakumbuka Stadia, ile huduma ya Google ya kucheza gemu kupitia intaneti. Ilitangazwa hapohapo GDC, Machi 2019, bosi mkuu wa Google mwenyewe jukwaani. Walisema unatazama trela YouTube, unabonyeza, ndani ya sekunde tano uko ndani ya gemu, huna haja ya konsoli. Huku kijiweni kwetu watu walishaanza kusema vibanda vya PS vimekwisha.

---

#3 Fundi_Padi (mleta uzi)

#2 umeleta kesi muhimu, hebu tuiangalie kwa karibu.

Stadia ilianza kufanya kazi Novemba 2019. Nchi za kwanza zilikuwa 14, za Ulaya na Amerika Kaskazini. Afrika haikuwemo siku ile na haikuingizwa hata baadaye. Februari 2021 wakafunga studio zao za ndani, zilezile zilizotangazwa kwa mbwembwe jukwaani chini ya Jade Raymond. Januari 18, 2023 huduma yote ikazimwa, watu wakarudishiwa pesa za vifaa na gemu walizonunua.

Tukirudi kwenye habari zilizoandikwa wiki ile ya Machi 2019: waandishi wengi waliripoti ahadi kama zilivyotamkwa. Wachache wakauliza yale ya msingi. Intaneti ya nyumbani ikiyumba, inakuwaje? Kila saa ya mchezo inakula data kiasi gani? Gemu nikiinunua huko, mkifunga nabaki nayo? Hayo ni maswali ambayo mtu yeyote wa hapa anayenunua bando la wiki angeyauliza kabla hajakaa kitini. Wachezaji wa nchi zenye mtandao wa shida wanayaona mapengo ya ahadi hizi mapema kuliko wengine, na ni hasara kwamba mahojiano hayo hawayafanyi wao.

Ila nisiwe mkali kupita kiasi, matangazo mengine yaliyofanyika pale yalisimama. Machi 2000 Bill Gates alitangaza Xbox kwenye GDC, na Novemba 2001 ikawa madukani. Machi 2005 Satoru Iwata, rais wa Nintendo wakati huo, alifungua hotuba yake kwa kusema kwamba kwenye kadi yake ya kazi yeye ni rais wa kampuni, akilini mwake ni mtengenezaji gemu, na moyoni ni mchezaji. Alikuwa na haki ya kusema vile kwa sababu alianza kama mwandika programu, na mafundi waliokuwa ukumbini walilijua hilo. Ameshafariki, 2015, na watu wa fani bado wanayarudia yale maneno.

---

#4 Dada_Pikseli

Kaka Fundi, nakuheshimu lakini kuna sehemu sikubaliani nawe.

Umeyaweka maonyesho ya awali yote kapu moja. Pale GDC kuna sehemu ya Independent Games Festival (IGF), tuzo za gemu za timu ndogo, wanazitoa tangu 1999. Mtu ametengeneza gemu peke yake chumbani, hana pesa ya tangazo. Mwandishi anasimama mezani pake, anacheza, anaandika aya nne. Zile aya ndizo zinazomfanya yule mtu ajulikane. Papers, Please ilichukua tuzo kuu ya pale 2014: gemu ya kukagua pasi za kusafiria mpakani, ukiieleza kwa mdomo hakuna anayetaka kuicheza. Venba ikaichukua 2024: familia ya Kitamil iliyohamia Kanada, unapika na mama huku maisha yanapita. Gemu kama hizo bila mtu aliyezigusa akasema "jamani, njooni muone hii" zingebaki gizani.

Na kuna maonyesho ya alt.ctrl.GDC, gemu zinazochezwa kwa vifaa vya ajabu walivyojitengenezea wenyewe. Zile huwezi kuzipakua popote. Usipozisoma kwa aliyekuwapo, basi hutaziona maisha.

---

#5 Fundi_Padi (mleta uzi)

Dada Pikseli, hoja yako ina nguvu, na naona inatusaidia kuchora mstari vizuri zaidi.

Kwenye meza ya IGF mwandishi ameshika padi mwenyewe. Gemu iko mbele yake, inakwama, inaanguka, mtengenezaji yuko pembeni anajikuna kichwa. Anachoandika ni alichokiona. Kwenye chumba cha kampuni kubwa juu hotelini mambo ni tofauti: mara nyingi padi anayo mfanyakazi wa kampuni, njia imeshapangwa, afisa uhusiano amekaa pembeni, na habari ina zuio la kutochapishwa mpaka saa waliyoitaka wao. Ndiyo maana tovuti kumi zinatoa "habari maalumu" dakika moja.

Kwa hiyo mimi nikisoma habari ya awali naanza kutafuta sentensi moja: nani alishika padi? Kama haipo, nashusha matarajio. Kisha naangalia vitenzi. Aya iliyojaa "utaweza", "kutakuwa na", "wanapanga" ni ya kampuni. Aya yenye "nilianguka mara tatu kwenye daraja kwa sababu kamera iligeuka vibaya" ni ya mwandishi, na huyo nitamfuata hata mwakani.

---

#6 Mjaribu_wa_Montreal

Salamu wakuu, mimi niko Kanada, kazi yangu ni kujaribu gemu kutafuta kasoro. Niwape ya upande wa pili wa pazia, studio siitaji.

Ile demo mnayoiona jukwaani mara nyingi siyo kipande kilichokatwa kutoka kwenye gemu. Inajengwa peke yake kwa ajili ya onyesho, wakati gemu yenyewe bado vipande vyake havijashikana. Niliwahi kupewa demo niijaribu: mlango mmoja ulifunguka ukitokea kushoto tu, ukitokea kulia mhusika anazama sakafuni mpaka kiunoni. Tuliandika kasoro, jibu likaja kwamba msemaji atapita kushoto. Akafanya mazoezi ya kupita kushoto. Onyesho likaenda vizuri, watu wakapiga makofi, na ule mtaa wote uliokuwa nyuma ya mlango haukuingia kwenye gemu iliyouzwa.

Hakuna aliyekusudia kudanganya pale. Wasanii waliamini watafika huko. Lakini timu ilitumia wiki kadhaa za usiku na mchana kwenye kitu cha kutupwa, na muda ule haukurudi.

Na mkisoma mahojiano ya GDC ya miaka hii, tafuteni pia kilichosemwa nje ya vyumba. Mwaka 2024 watengenezaji walikusanyika bustanini karibu na ukumbi wakapiga kelele kwa pamoja, kwa nguvu zao zote, kwa uchungu wa watu kupunguzwa kazi. Utafiti wa GDC wenyewe wa 2025 ulikuta kwamba mtengenezaji mmoja kati ya kumi hivi alikuwa ameachishwa kazi ndani ya mwaka uliotangulia. Machi 2025, hapohapo kwenye mkutano, kikazinduliwa chama cha wafanyakazi, United Videogame Workers, chini ya CWA, chama cha wafanyakazi wa mawasiliano Marekani. Mkurugenzi anayehojiwa kuhusu gemu mpya bila kuulizwa wangapi waliobaki wa kuimalizia, hayo mahojiano yana pengo kubwa.

---

#7 Fundi_Padi (mleta uzi)

#6 asante sana ndugu. Ule mlango nitaukumbuka kila nikitazama demo.

---

#8 Bahari_Mombasa

Nami niongeze la kwetu. Tales of Kenzera: ZAU, ilitoka Aprili 2024. Abubakar Salim, Mwingereza mwenye asili ya Kenya, yule aliyeigiza sauti ya Bayek kwenye Assassin's Creed Origins, alianzisha Surgent Studios na hii ndiyo gemu yao ya kwanza. Kijana Zau anafanya mapatano na Kalunga, mungu wa mauti, ili arudishiwe baba yake. Na unaweza kuicheza yote kwa sauti za Kiswahili! Mara ya kwanza nilipobadilisha lugha nikasikia wahusika wanaongea hivi tunavyoongea, nilisimama tu nikisikiliza, sikutaka kusonga mbele.

Mahojiano aliyoyafanya kabla ya gemu kutoka yalikuwa na thamani kubwa kwangu, Fundi. Hakuorodhesha silaha wala ukubwa wa ramani. Alizungumzia msiba wa baba yake na jinsi huzuni inavyokuja kwa mawimbi, leo hasira, kesho kukana, keshokutwa kimya. Nilipocheza nikayaona yote mle, kila eneo na hali yake ya majonzi. Sasa haya nayo tuyaache?

Cha kusikitisha, miezi michache tu baadaye studio ikatangaza kupunguza watu.

---

#9 Fundi_Padi (mleta uzi)

Ndugu wa Mombasa, hayo tuyasome na tuyatunze. Angalia aliulizwa nini: kwa nini unaitengeneza? Jibu la swali hilo haliharibiwi na ratiba wala bajeti. Hata gemu ikitoka na nusu ya maeneo, sababu yake imebaki ileile. Swali la "kutakuwa na nini ndani" ndilo linalooza haraka.

Na sasa niwaoneshe kwa nini nasema hotuba za mafundi ndiyo hazina. Nachagua chache.

2010, Jaime Griesemer aliyekuwa studio ya Bungie alitoa hotuba nzima kuhusu badiliko moja katika gemu ya risasi Halo 3: muda kati ya risasi na risasi kwenye bunduki ya mdunguaji, kutoka sekunde 0.5 hadi 0.7. Hotuba nzima kwa sekunde 0.2! Anaeleza alivyogundua kwamba bunduki ilikuwa inaua ladha ya silaha nyingine zote, kwa nini kupunguza risasi au nguvu kungeharibu hisia yake, na namna ya kujua ni namba ipi ya kugusa kati ya makumi ya namba. Ukishaisikiliza hutamtukana tena mtu anayesawazisha silaha.

2013, Jenova Chen akieleza gemu yake Journey. Walitaka wachezaji wawili wasiojuana wasafiri jangwani pamoja kwa upendo. Wakaweka uwezo wa kusukumana, wakidhani watu watasaidiana kupanda. Waliojaribu wakaanza kusukumana majabalini wafe. Watu wazima, wenye heshima zao! Chen anasema mchezaji anapoingia ulimwengu mpya anakuwa kama mtoto mchanga, anatafuta kitendo kinachotoa mrejesho mkubwa kuliko vyote, na kumwangusha mwenzako kunatoa mrejesho mkubwa. Hawakuandika onyo wala adhabu. Waliondoa kusukumana, wakaweka kwamba mkigusana kila mmoja anajazwa nguvu ya kuruka. Watu walewale wakaanza kuandamana bega kwa bega.

2014, David Rosen akionesha sungura wa gemu yake Overgrowth anavyotembea, kukimbia, kuruka na kubingiria kwa mikao 13 tu iliyochorwa, mengine yote kodi (maandishi ya programu) inajaza katikati. Kwa timu ya watu wawili Kariakoo au Kisumu isiyo na pesa ya kukodi studio ya kunasa miondoko, hii ni dhahabu.

Na 2017, wiki ileile gemu ya Zelda, Breath of the Wild, ilipotoka, Fujibayashi, Takizawa na Dohta wa Nintendo walipanda jukwaani wakaonesha mfano wao wa majaribio: Zelda inayotazamwa kutoka juu kama ile ya miaka ya 80, picha za kimraba, lakini ukichoma mti unaungua, ukipitisha mshale kwenye moto unawaka, ukitupa gogo mtoni linaelea. Wakaeleza "injini ya kemia" yao. Kuna nguvu, kama moto, maji, umeme. Kuna vitu, kama mbao, chuma, jiwe. Sheria ni tatu: nguvu inaweza kubadili hali ya kitu, nguvu inaweza kubadili nguvu nyingine, na kitu hakiwezi kubadili kitu kingine. Basi. Kutoka hapo ndipo radi inampiga mtu aliyeshika upanga wa chuma mvuani, bila mtu kuliandika tukio hilo moja moja.

---

#10 Mtoto_wa_Temeke

Mkuu hizi tunazipata wapi? Kiingilio kule nasikia ni zaidi ya dola 2,000, na bado viza.

---

#11 Fundi_Padi (mleta uzi)

Pasi kamili ndiyo, hadi 2025 ilikuwa inapita dola 2,000. Ombi la viza ya kutembelea Marekani ni dola 185, ukikataliwa hairudi. Rami Ismail, mtengenezaji kutoka Uholanzi, amelipigia kelele sana suala hili la watengenezaji wa nchi zetu kubaki nje ya milango kwa sababu ya viza. Lual Mayen, kijana wa Sudan Kusini aliyekulia kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda, alijifunza kutengeneza gemu kwenye kompyuta ambayo mama yake aliidundulizia kwa miaka mitatu. Wangapi kama yeye hawajafika mbele ya kipaza sauti chochote?

Lakini kusikiliza haihitaji viza. Chaneli ya GDC ya YouTube ina mamia ya hotuba bure, na hizo nne zote nilizozitaja zimerekodiwa. Nyingine ziko GDC Vault, hifadhi yao ya hotuba mtandaoni, baadhi bure, baadhi za kulipia. Usiangalie kwa ubora wa juu, 360p inatosha kusoma slaidi. Pakua usiku kwa wenye bando la usiku, washa maandishi ya chini kama lafudhi inakupita.

---

#12 Dada_Pikseli

Hapo kwenye sheria tatu umenikamata kaka. Mimi natumia Godot, programu ya kutengenezea gemu, ni bure na laptop yangu inaimudu. Nikitaka kujaribu kitu kama hicho kwa gemu ya 2D, nianzie wapi? Naogopa kuandika "kama moto ukigusa mbao, kama moto ukigusa nyasi, kama moto ukigusa..." mpaka nizeeke.

---

#13 Fundi_Padi (mleta uzi)

Usiandike hivyo kabisa dada. Moto usijue mbao ni nini. Kila kitu kibebe sifa zake chenyewe: kinaungua au hakiungui, kinapitisha umeme au hakipitishi, kinaelea au kinazama, na joto la sasa. Moto kazi yake moja tu, kupandisha joto la chochote kilicho jirani. Kitu chenyewe ndicho kiamue: joto limepita kikomo changu na mimi naungua, basi nawaka, na nikiwaka nami nakuwa chanzo cha moto. Maji yashushe joto. Kwa kodi hiyo fupi, nyasi zitashika moto, zitapeleka kwenye uzio, na mvua itauzima, na hujaandika hata tukio moja.

Anza na moto na maji peke yake, miraba 20 kwa 20, vitu vitatu: nyasi, mbao, jiwe. Umeme uache kwanza, utakusumbua kwa sababu unasafiri kupitia vitu vilivyogusana na itabidi uvitafute kwa mnyororo. Tahadhari moja: kagua joto mara chache kwa sekunde, usikague kila fremu (kila picha inapochorwa), la sivyo laptop itapiga kelele.

Ukikwama bandika kodi hapahapa, #6 naye atusaidie kutafuta kasoro.

---

#14 Mjaribu_wa_Montreal

Nipo. Na dada, kitu cha kwanza nitakachojaribu ni kuwasha moto ukingoni kabisa mwa ramani, kwa hiyo panga mapema kitakachotokea pale.